Ghaibu na Dalili

Katika mji wa Mwanza, ambako Hospitali ya Rufaa ya Bugando imekaa kilimani tangu mwaka 1971 ikiwapokea wagonjwa wa Kanda ya Ziwa, wengi wa wanaougua saratani ya utumbo mpana hufika maradhi yakiwa yamekwisha kukomaa, na jamaa zao huuliza kwanza, na ni haki yao kuuliza: je, imesambaa? Sasa wataalamu wa nchi za mbali wameifunza akili mnemba kutazama picha ya kipande cha uvimbe kilichotiwa rangi chini ya hadubini, ikakadiria kama seli zake zimezifikia tezi za limfu, au kama zitazuka baadaye katika ini, ambamo damu nyingi itokayo utumboni hupita kwanza. Wapo wacha Mungu, Waislamu kwa Wakristo, wanaohofu kwamba huku ni kujitwalia ilimu ya ghaibu, ambayo ni ya Mola peke yake.

Hofu hiyo naistahi, ila naona imeelekezwa pasipo pake. Mvuvi wa dagaa wa Kirumba atazamaye wingu juu ya ziwa, akaacha kuwasha karabai usiku ule, hadai kuijua ajali yake. Asoma dalili iliyokwisha kuwekwa mbele ya macho yake. Naye mwanapatholojia Cuthbert Dukes wa London, alipoyapanga mwaka 1932 maradhi haya yanapotokea katika rektamu, mwisho wa utumbo mpana, kwa kadiri yalivyoupenya ukuta wa utumbo na kuzifikia tezi, alisoma dalili tu. Mashine yaendeleza kazi ile ile. Itoayo ni dhana iliyojengwa juu ya wengi waliopata uvimbe wa namna hiyo, na yakini ya huyu mmoja aliyelala kitandani haimo ndani yake.

Lakini wengi hao ni akina nani, wa wapi na wa zama zipi? Denis Burkitt, tabibu aliyetumika Uganda miaka mingi, aliandika mwaka 1971 kwamba saratani hii ni nadra kwa Waafrika, akauhusisha uchache huo na vyakula vyetu vyenye makapi; leo wodi zetu zatuonyesha jinsi habari ya kweli ya zama moja isivyokuwa ahadi kwa zama zifuatazo. Basi kabla dhana iliyofunzwa kwa miili ya watu wa nchi hizo za mbali haijatumiwa kuamua ni nani wa Sengerema au Ukerewe apewe dawa na ni nani arudishwe nyumbani, sharti ipimwe kwa vipande vya wagonjwa wetu, kwa ridhaa yao. Na kwa kuwa mashine haitasimama mbele ya Mola kuhesabiwa, daktari ayatamke makadirio hayo kwa kinywa chake, kama dhana, akiikubali dhima ya kuulizwa.