Nipe Mji

Nina kibanda kidogo hapa Base Camp, Nakivale. Nauza sabuni, chumvi, viberiti, sukari ya kupima na bombo. Kila baada ya wiki mbili, pesa ikipatikana, napanda gari mpaka Mbarara, nanunua kwenye duka la jumla, narudi na mfuko magotini. Bombo nazimwaga kwenye makopo ya plastiki, watoto wananunua moja moja.

Nimeandika bombo kwa sababu sisi wa Kongo tunasema hivyo. Aliyekaa kambi za Tanzania atasema pipi. Mganda atasema switi. Jirani yangu Msomali anasema nacnac. Na majina yaliyochapwa kwenye vikaratasi hayana kazi, maana wateja wangu wengi ndiyo kwanza wanajifunza kusoma. Kwa hiyo mtoto akija haiti jina. Anaeleza.

"Mama, unipe ile inaletaka baridi mu kinywa."

"Ile ya kamuti."

"Ile ya kupuliza."

"Ile bibi ananyonyaka akikohoa."

Na mimi napatia. Ya baridi ni ya minti. Ya kamuti ni ile yenye kijiti. Ya kupuliza ni chingamu, na aliyekulia Tanzania ataiita bigijii hata kama karatasi imeandikwa jina lingine. Nikikosea, mtoto anatikisa kichwa, anasema "hapana, ile ingine," nami nasogeza mkono kwenye kopo la pili. Kazi inakwisha, kila mtu anaenda zake.

Nimelifikiri sana jambo hili tangu nilipomfanyia mtoto mmoja ubaya kwa njia ya mchezo. Naliandika hapa kwa sababu nadhani si langu peke yangu. Swali ni hili: mtu akikueleza kitu kwa maneno machache, una haki ya kuamua nini juu yake?

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Jioni kabla ya kufunga, watoto hukaa kwenye benchi mbele ya kibanda. Nawategea vitendawili, na jibu lazima liwe bombo au kitu kitamu. Anayepatia anapewa moja ya bure. Nilifundishwa na baba, aliyekuwa akivuka ziwa Tanganyika kutoka Uvira kwenda Kigoma kwa biashara, akarudi na Kiswahili cha kule na desturi zake. Nasema, "Kitendawili!" Wanajibu, "Tega!" Wakishindwa nasema, "Nipeni mji." Wananipa mji, nami nasema nimekwenda mji huo, nikala hiki na kile, nikashiba, nikarudi. Ndipo natoa jibu. Ndiyo sheria: ukishindwa, unalipa mji.

Jioni ile nilitega: "Nyeusi si makaa, ngumu si jiwe, imepikwa bila tone la maji." Jibu lilikuwa bombo ya mama yangu. Alikuwa anaweka sukari kwenye sufuria kavu juu ya babula, inayeyuka, inageuka rangi ya asali, halafu rangi ya kahawa. Anatia karanga, anamwaga kwenye sinia, ikipoa anaivunja kwa mpini wa kisu. Pale Kiliba, karibu na Uvira, kulikuwa na kiwanda cha sukari na mashamba ya miwa, na mama aliamini hakuna sukari nyingine duniani.

Hakuna aliyejua. Nikaomba mji, kila mmoja wake. Bukavu. Bujumbura. Mogadishu. Ikafika zamu ya mtoto mmoja wa miaka kama 9. Wazazi wake ni wa upande wetu, yeye amezaliwa hapa. Akasema, "Nakivale."

Wenzake wakacheka. "Nakivale si mji! Toa mji wa kwenu!"

Akasema polepole, "Uvira."

Ningechukua Uvira, nikaenda, nikala, nikarudi, ikaisha. Sijui niliingiwa na nini. Nikamuuliza, "Uvira unaijua? Mto gani unapita pale mjini?" Kimya. "Ukisimama sokoni, ziwa liko upande gani?" Kimya. Nikasema, nikicheka, "Basi huna mji wa kunipa. Hata Uvira si yako."

Wenzake wakacheka kwa sababu mimi nimecheka. Yeye akainuka. Hakukimbia, alitembea tu, kama mtu mzima aliyeambiwa maneno mbele za watu. Siku nne hakuja kibandani.

Usiku wa kwanza nilijiambia ni mchezo. Usiku wa pili nikakumbuka meza.

Miaka iliyopita, katika ofisi ambayo sitaitaja, nilikaa mbele ya meza nikaulizwa mimi ni wa wapi. Nikasema Uvira. Mto gani unapita mjini kwenu? Nikasema Mulongwe, nikasema na Kalimabenge. Mkuu wa shule yenu aliitwa nani? Jina likanitoka. Soko lina milango mingapi? Milango! Soko lile nimeliingia tangu nikiwa mgongoni mwa mama na sijawahi kuhesabu milango. Ningeweza kumweleza harufu ya ndagala zikianikwa, au namna upepo wa ziwa unavyogeuka mchana na kukutupia mchanga machoni. Hakuuliza hayo. Aliandika neno moja fupi, mimi nikalitazama kichwa chini juu, sikuweza kulisoma. Nilitoka pale nikijishuku. Nilijiuliza kweli kabisa kama ule mji niliukaa au niliuota.

Na mimi, kwa mtoto wa miaka 9, niliweka meza ileile. Tofauti ni kwamba yangu ilikuwa na makopo ya bombo juu yake.

Bertrand Russell, mwanafalsafa Mwingereza, aliandika kitabu mwaka 1912 ambamo alitenganisha kujua kwa namna mbili. Kuna kujua kitu kwa sababu umekutana nacho, na kuna kujua kitu kwa sababu umepewa maelezo yake. Ukisema "mlima mrefu kuliko yote Afrika," unaujua Kilimanjaro kwa maelezo hata kama hujawahi kuuona. Wazee wetu walikuwa na njia yao ya kusema jambo la karibu na hilo: raha ya ngoma uingie ucheze. Mwanzoni niliona hapo ndipo penye jibu langu. Nilidhani mtoto anaijua Uvira kwa maelezo, mimi naijua kwa kukutana nayo, kwa hiyo mimi ndiye mwenye mji.

Lakini bombo ya baridi ilinikatalia. Mtoto anasema inaleta baridi. Ukichukua kipimajoto ukaiweka kinywani pamoja na bombo, hutaona baridi yoyote. Kilichomo ni mentoli, dawa inayotoka kwenye majani ya mnanaa, na kazi yake ni kuamsha neva zilezile zinazoamshwa na baridi ya kweli. Sasa mtoto amesema uongo? Hapana. Amesema kweli ya ulimi wake. Mtu anayeuliza akiwa ameshika kipimajoto atamwita mwongo, na wote wawili watakuwa wamesema walichokiona. Yule wa ofisini alishika kipimajoto. Mimi nilishika kipimajoto.

Kuna anayesoma hapa atasema: mama, usituletee huruma tu, waongo wapo. Nakubali, wapo. Nimeishi hapa muda wa kutosha kuwajua watu waliojifunza mji kwa kukariri, mito yake, barabara zake, jina la askofu wake, na hawajawahi kuukanyaga. Bila maswali yoyote kila mtu angedai chochote, na yule aliyekimbia kweli angepotea katikati ya wengi. Maswali lazima yawepo. Lakini angalia: wale waliokariri ndio wanaofaulu maswali mafupi vizuri zaidi. Aliyekariri anajua idadi ya milango. Aliyeishi pale alipita tu mlangoni.

Kwa hiyo nimerudi kwenye kibanda kutafuta namna bora ya kuuliza, na nimeona mambo mawili yanayofanya maelezo ya watoto yafanye kazi pale.

La kwanza, kopo liko mbele yetu wote. Nikikosea, kosa linarudishwa kwa kutikisa kichwa. Kwenye meza ile nyingine, kopo haliko. Uvira iko mbali, ushahidi umebaki kwenye nyumba zilizoungua, na kosa halirudishwi kirahisi.

La pili, mimi na mtoto tunatafuta pamoja. Yeye anataka bombo, mimi nataka kumpa. Nikishindwa kuelewa simfukuzi, nauliza tena: hii? au hii? Jambo hili si ndoto ya mwenye kibanda. Kitabu cha mwongozo cha UNHCR cha mwaka 1979, kinachohusu namna ya kumtambua mkimbizi, kinasema kwamba kazi ya kutafuta na kupima ukweli wanaigawana mwombaji na anayemhoji. Kinasema pia kwamba mwombaji akiwa amejitahidi kwa kweli na maneno yake yanaaminika, shaka inayobaki imwangukie kwa wema. Nilipoelezwa hayo nilikaa kimya muda mrefu. Kumbe imeandikwa.

Hapo ndipo ninaposimama. Maelezo machache yanatosha kumsaidia mtu kupata anachokitafuta. Hayatoshi kumnyang'anya. Nikitumia maneno matatu kukupa bombo, nimefanya biashara halali. Nikitumia maneno matatu kukuambia wewe si wa kwenu, hata kwa mchezo, hata nikicheka, nimechukua kitu ambacho sikukupa mimi.

Na tuseme ukweli, sisi wenyewe hapa tunafanyiana hivyo. Tunamwambia mtoto, "Unasemaje wewe ni Mfuliiru na kilugha hukijui?" Tunamcheka anayetamka neno kwa sauti ya Kinyankole. Tunalalamika kuhusu meza za wakubwa, kisha tunatoa meza zetu ndogo nje jioni.

Siku ya tano nilikwenda kwao. Kwetu mtu mzima haombi radhi kwa mtoto. Akizidi sana, anamtumia kitu. Nilimwambia mama yake nimekuja kuongea na kijana wake, akadhani ana deni. Nikamwambia mbele ya mama yake, "Mwanangu, nilikukosea. Ulinipa mji, nikakataa. Sheria ya mchezo haisemi hivyo." Alitazama chini. Mama yake ndiye aliyefuta machozi, na sikumuuliza kwa nini.

Halafu nikatoa sukari ya Kakira niliyokuja nayo, tukaipika kwa sufuria kavu kama mama yangu. Sukari ya Jinja, makaa ya Isingiro, karanga za Mbarara. Ikatoka nyeusi kupita kiasi, tukaila hivyohivyo. Nikamwuliza ikoje. Akafikiri. "Iko kama kuungua, lakini kwenye kunapendeza." Katika miaka yote niliyoila sijawahi kuieleza vizuri namna hiyo.

Kisha akasema, "Mama, na mimi natega."

"Tega."

"Mama mmoja, tukimupiga jiwe anazaa watoto wane, wote watamu."

Nikataja kila kitu. Muwa. Nanasi. Karanga. Bombo ya kamuti. Akatikisa kichwa kila mara, na alikuwa anafurahi waziwazi. Nilishindwa.

"Unipe mji," akasema.

Nikampa Uvira. Sikuwa na mwingine niliotaka kumpa.

Akaanza: "Nimekwenda Uvira, nikala..." Akasimama. "Kule wanakulaka nini?"

"Mikeke," nikamwambia. "Samaki wa ziwa. Wa kuchoma, na ugali wa muhogo."

"Nimekwenda Uvira, nikala mikeke na ugali, nikashiba, nikarudi." Halafu akanipa jibu. Ni bombo moja ya kawaida. Watoto wanne wakichanga sarafu wanapata moja, hawaifungui, wanaiweka juu ya jiwe na kuipiga kwa jiwe lingine ikiwa bado ndani ya karatasi, wanagawana vipande. Mimi ninayeziuza kila siku, ninayejua kila moja kwa maneno matatu, nilikuwa sijui zinavyoliwa. Nilikuwa naijua sarafu inavyofika mezani, basi.

Nakivale ilianza mwaka 1958. Ilikuwepo kabla ya uhuru wa Kongo na kabla ya uhuru wa Uganda. Watu wamezaliwa hapa, wamezeeka hapa, wamezikwa hapa. Mtoto aliponipa Nakivale mara ya kwanza alinipa mji anaoujua kwa miguu yake, na hakuwa na mwingine wa namna hiyo. Niliukataa kwa sababu mimi bado sijaukubali.

Siku hizi katika mchezo wetu Nakivale ni mji. Juzi msichana mmoja alishindwa, akanipa. Nikasema nimekwenda Nakivale, nikala posho na maharage, nikashiba. Ile sehemu ya "nikarudi" ikanishinda. Watoto walinisubiri, kisha wakaanza kuuliza jibu.