Sifuri na Sijui

Rejista ya mali ni orodha ya vitu pamoja na sifa zake. Kabla kitu cha kwanza hakijaingizwa, mwenye kuiandaa huamua kila sifa itapokea jibu la namna gani: namba, tarehe, maandishi huru, ndiyo au hapana, jina moja kutoka orodha iliyokwisha kupangwa, au nukta kwenye ramani. Hiyo ndiyo kazi ya kuweka aina za data, na mara nyingi huachiwa mtaalamu wa kompyuta peke yake. Lakini ndani yake mna swali la kifalsafa ambalo si geni hata kidogo: kitu kinaweza kusemwa nini, na nani anayeweka mipaka ya kusema?

Aristotle alitaja mafungu 10 ya yale yanayoweza kusemwa, yakiwemo kitu chenyewe, kiasi, uhusiano, mahali na wakati. Padri Alexis Kagame wa Rwanda, katika kitabu chake cha 1956 kuhusu falsafa ya Kibantu, aliona mafungu 4 yanatosha, akiyachota kwenye ngeli za Kinyarwanda: chenye akili, kisicho na akili, mahali pamoja na wakati, na namna. Wengi wamempinga kwa kuitegemea mno sarufi. Hata hivyo, katika jambo moja rejista zinampa haki. Yeye aliweka mahali na wakati katika fungu moja, ilhali rejista nyingi huzitenga safu hizo mbili kana kwamba hazijuani.

Sibwesa, kata iliyomo leo katika wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, inaonyesha kwa nini jambo hilo lina uzito. Kisima kilichochimbwa huko mwaka 1970 kingeandikwa kuwa cha mkoa wa Tabora. Mkoa wa Rukwa ulipoundwa mwaka 1974, wilaya ya Mpanda, ambamo Sibwesa ilikuwamo, ikahamia huko; mwaka 2012 ukazaliwa mkoa wa Katavi. Shimo ni lilelile, halijasogea hata hatua moja, lakini jibu sahihi la swali “kiko mkoa gani?” limebadilika mara mbili. Kwa hiyo safu ya mkoa isiyoambatana na tarehe ya kuanza na ya kukoma si sifa kamili ya kisima, ni nusu yake. Longitudo na latitudo hudumu. Jina la mkoa ni neno la serikali juu ya ardhi, na neno hilo lina umri.

Mfano halisi upo katika takwimu za vituo vya kuchotea maji ambazo Wizara ya Maji ya Tanzania ilizikusanya, nyingi kati ya mwaka 2011 na 2013. Sehemu yake iliyotolewa kwa umma kwa ajili ya shindano la wachambuzi ina vituo 59,400, na mikoa iliyoorodheshwa ni 21, Katavi ikiwa haimo. Humo mna mkoa ulioandikwa kwa jina, na tena kwa namba. Namba hiyo si kiasi cha chochote. Haijumlishwi, haigawanywi, na mkoa wenye namba kubwa haumzidi mwenzake kwa lolote. Ni jina lililovaa tarakimu. Anayeipa aina ya “namba” anairuhusu kompyuta itafute wastani wa mikoa, na kompyuta haitaona haya kuutoa.

Kosa zito zaidi limo katika safu ya mwaka wa ujenzi. Vituo 20,709 vina mwaka 0. Ukichukua wastani wa safu nzima bila kuvitenga, kituo cha maji cha kawaida nchini kinaonekana kujengwa karibu mwaka 1300, takriban miaka 200 kabla ya Vasco da Gama kufika Malindi. Upuuzi huo angalau unajitangaza wenyewe. Safu ya idadi ya watu wanaozunguka kituo haijitangazi: vituo 21,381 vina sifuri, na sifuri hapo inaweza kuwa kweli. Kuna visima vilivyohamwa, na kuna visima ambavyo hakuna aliyehesabu watumiaji wake. Rejista imevivalisha vazi moja, na hakuna mchambuzi wa leo awezaye kuvitofautisha kwa kuitazama safu hiyo tu. Kinyume chake, safu ya kama mkutano wa hadhara ulifanyika, ambayo majibu yake ni ndiyo au hapana, ina nafasi tupu 3,334. Hapo ukimya umeachwa ubaki ukimya.

Je, sifuri ya namna hiyo ni uongo? Augustino wa Hippo, alipoandika juu ya uongo karibu mwaka 395, alishikilia kwamba mwongo ni mwenye nia ya kudanganya. Anayesema lisilo kweli bila nia hiyo amekosea, hajadanganya. Kwa kipimo hicho karani aliyesimama kwenye jua kando ya pampu, mbele ya mwanakamati asiyekumbuka mwaka, na fomu isiyoruhusu kuendelea bila tarakimu, hana hatia, iwe sifuri aliiandika yeye au programu ilijijazia. Lakini ushahidi usio wa kweli umekwisha kutolewa, na fedha za matengenezo zitapangwa kwa kuutegemea. Wajibu basi unarudi nyuma, kwa yule aliyechagua aina ya data huku akijua, au akiwa na njia ya kujua, kwamba watu vijijini wangeulizwa wasichokikumbuka. Yeye ndiye aliyelifungia mlango jibu la kweli.

Wanazuoni wa Kiislamu waliliheshimu jibu hilo. Inasimuliwa kwamba Imam Malik bin Anas wa Madina aliulizwa masuala 48, akajibu “sijui” kwa 32, na fatwa nyingi hadi leo hufungwa kwa “Wallahu aalam”. Kutojua, kukitamkwa, ni sehemu ya elimu. Kukifichwa ndani ya tarakimu, kunageuka elimu bandia.

Edgar Codd, aliyeasisi nadharia ya hifadhidata za majedwali mwaka 1970, alifika mahali pa karibu na hapo kwa njia ya hesabu. Katika kitabu chake cha 1990 alitaka alama mbili za pengo: moja ya jibu lililopo ila halijulikani, nyingine ya swali lisilohusika. Tofauti hiyo ina maana kwa maji. Kisima cha Sibwesa ambacho wazee wamesahau mwaka wake kina mwaka. Chemchemi inayotoka mlimani bila kujengewa haina; kuuliza ilijengwa lini ni kuuliza swali lisiloielekea. Programu nyingi zimebaki na pengo la aina moja tu, hivyo mwandaaji makini huongeza safu ya pili kando ya ile ya mwaka, yenye orodha fupi ya kuchagua: unajulikana, umekadiriwa, haujulikani, hauhusiki, haijaulizwa. Jibu la mwisho ndilo husahaulika mara nyingi wakati wa kuandaa orodha, ingawa ndilo pekee lisilosema lolote juu ya kisima. Linaeleza kazi ya karani, na bila hilo “haujulikani” hubeba pia siku ambayo mtu hakufika kijijini.