Fundi, Mwenye Lori na Mpita Njia



Ziko kazi ambazo mtu akizifanya vibaya kila mmoja huona. Mwashi akipindisha ukuta, hata watoto wa shule humcheka. Lakini ziko nyingine ambazo zikishafungwa hazionekani tena, si kwa mwenye mali wala kwa askari wa barabarani, mpaka siku zitakapovunjika. Kazi ya namna hiyo, fundi humfanyia nani? Ni yule mwenye lori aliyemlipa, au ni mtu asiyemjua kabisa, ambaye kesho atakuwa akitembea ukingoni mwa barabara na ndoo yake kichwani?

Nitachukua mfano wa malori ya kijeshi ya zamani, maana hayo hulionyesha swali hili wazi kuliko magari mapya. Lori kama Bedford RL, lililoanza kutengenezwa Uingereza katika miaka ya 1950, liliundwa ili liweze kufunguliwa porini kwa spana na nyundo. Halina taa ya kumwonya dereva kwamba beringi inaungua. Lori la namna hiyo likitoka jeshini na kuuzwa kwa raia, hubeba mpunga, mbao na watu kwa miaka mingi kuliko walivyofikiri waliolitengeneza, na usalama wake wote umo mikononi mwa fundi wa gereji.

Katika ekseli ya nyuma ya lori zito, shafti kazi yake ni kuzungusha gurudumu tu. Uzito hubebwa na bomba la ekseli, na juu ya bomba hilo habu huzunguka kwa beringi mbili, ya ndani na ya nje, zinazoshikwa na nati kubwa. Fundi mwema huziosha beringi kwa mafuta ya taa, huzikagua roli moja moja kama zina makovu au rangi ya kuungua, huzishindilia grisi kwa kiganja mpaka itokeze upande wa pili, kisha hukaza nati huku akiizungusha habu ili roli zikae mahali pake. Akiona imekuwa nzito huirudisha nati kidogo, huitikisa habu, ndipo hukunja washa ili nati isilegee. Ikikazwa mno, beringi hupata moto na kuungua. Ikilegea mno, gurudumu hucheza na sili ya mafuta huharibika, na mafuta ya difu hupenya hadi kwenye laini za breki. Tofauti kati ya hali hizo mbili ni sehemu ndogo tu ya mzunguko wa nati, na hakuna aijuaye isipokuwa mkono ulioikaza.

Hapa bondeni tunaye na adui mwingine, naye ni maji. Tangu lilipojengwa daraja la Mto Kilombero, ambalo lilizinduliwa rasmi mwaka 2018, malori hayangoji tena pantoni. Lakini wakati wa masika barabara za mashambani bado hufunikwa na maji. Habu yenye moto ikiingia ghafla katika maji baridi, hewa iliyomo ndani hunywea na kuvuta maji kupitia sili. Grisi hugeuka nyeupe kama tui la nazi, na kutu huanza kazi yake gizani. Halafu lori hilohilo hupanda Mahenge, nalo likipanda litashuka. Katika mteremko ule, gurudumu moja lenye breki iliyolowa mafuta hulivuta lori upande mmoja, na breki nyingine hufanya kazi ya ile isiyoshika mpaka nazo zinachemka.

Sasa tumfikirie mwenye lori. Ni wakati wa mavuno, magunia yanangoja Mngeta na Malinyi, na bei ya mpunga haimngoji mtu. Anamwambia fundi, “Bwana fundi, pangusa hizo laini kwa petroli, ufunge. Sili tutanunua mavuno yakiisha.” Fundi anajua kwamba laini iliyonywa mafuta haiponi kwa petroli, maana ikipata moto tu mafuta hutoka tena. Lakini naye ana watoto, na mwenye lori ndiye mteja wake wa kila msimu.

Wengi husema kwamba fundi akishamweleza mwenye mali, wajibu wake umekwisha. Nadhani neno hilo ni kweli kwa mambo mengine. Mtu akitaka kuendesha lori lenye injini ya kutoa moshi au kiti kilichochanika, hiyo ni juu yake. Kuikubali hatari ni haki ya yule atakayeumizwa nayo. Lakini hatari ya breki si ya mwenye lori peke yake, na mara nyingi yeye mwenyewe hayumo hata garini. Ni ya dereva, ya utingo aliyelala juu ya magunia, na ya mama yule mwenye ndoo. Atawezaje kuikubali kwa niaba yao, hali hawakuulizwa?

Mahakama nazo zimelifikia jambo hili. Mwaka 1932, katika kesi maarufu ya konokono aliyedaiwa kukutwa ndani ya chupa ya kinywaji, Lord Atkin alilichukua swali la yule mwanasheria wa Injili, juu ya nani aliye jirani, akaeleza kwamba jirani katika sheria ni yule ambaye ningepaswa kumfikiria, kwa kuwa tendo langu laweza kumdhuru. Kisha mwaka 1939, hukohuko Uingereza, ikaamuliwa kesi iliyo karibu zaidi na habari yetu. Duara la chuma la gurudumu la lori lilifungwa vibaya gereji, likachomoka safarini, likapanda njia ya waendao kwa miguu na kumjeruhi mwanamke mguuni. Fundi alionekana ana hatia. Mwenye lori aliachiliwa, kwa sababu alimpa kazi mtu mwenye ujuzi, wala hakuwa na njia ya kujua.

Naona hukumu ile ilikuwa ya haki. Lakini angalieni alichookolewa nacho mwenye lori: hakujua. Yule wa kwetu aliyesema “ufunge” anajua. Sheria ya Musa juu ya ng'ombe mwenye tabia ya kupiga watu kwa pembe ilitofautisha vivyo hivyo: mwenye ng'ombe aliyeonywa asimfunge alihukumiwa vikali kuliko yule ambaye hakuonywa.

Tena kuna anayesema, “Nikikataa mimi, atakwenda gereji ya pili.” Huenda akaenda kweli, na lori likapita njia ileile. Lakini kwa hoja hiyo kila fundi mjini angefunga, kila mmoja akimsingizia mwenzake. Nasi tusio mafundi tusijitoe upesi katika habari hii, kwa maana ndisi tunaotafuta lori la nauli ndogo kuliko yote, kisha tunapanda juu ya mzigo.

Walikuwapo waliofikiri vizuri zaidi. Baadhi ya magari ya jeshi la Uingereza yalikuwa na magurudumu ya vipande viwili vilivyoshikanishwa kwa nati, na nati hizo zilipakwa rangi nyekundu, ili mtu asizifungue tairi likiwa na upepo, vipande vikaruka na kumwua. Aliyepaka rangi ile alisema na mtu ambaye asingemwona maishani. Ningependa tuone moyo huohuo hata kwa mwanafunzi wa gereji anayeambiwa apulize vumbi la dramu kwa pampu ya upepo. Laini za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu polepole. Lilowanishwe kwa maji na kufutwa kwa kitambaa.

Limebaki swali moja nililoulizwa: je, fundi ana haki ya kulizuia lori la mtu? Naona hana. Mali ni ya mwenyewe, na akilitaka apewe. Lakini hana wajibu wa kulifunga. Anaweza kumrudishia kama lilivyo, juu ya magogo, gurudumu limelazwa kando, na ile sili mbovu imewekwa juu ya boneti, mahali ambapo dereva na utingo nao wataiona.