Sura Ile ni ya Nani?

Mchoraji akihojiwa, swali la kwanza huwa lile lile: msukumo wa kazi zako unatoka wapi? Naye hujibu bila taabu kwamba unatoka kwa watu wa mtaani kwetu, au katika historia ya nchi yangu, au kwa mama yangu. Tunapiga makofi. Swali linalofuata halisikiki: je, hao watu wanajua?

Mimi nimeulizwa. Nasoma Lubumbashi, na wakati wa likizo huchora. Penye kona ya barabara yetu kuna mama anayeuza makaa (sisi huku twasema makala, msomaji wa Dar es Salaam asidhani anauza maandishi). Nilimchora kwa kipande cha makaa yake mwenyewe, nikiwa nimekaa ng'ambo ya barabara, bila kumwambia. Ameinamia magunia, kitambaa kimemlegea kichwani, vidole vyeusi. Picha ikanunuliwa faranga elfu hamsini katika maonyesho madogo ya wanafunzi, na habari zikamfikia. Akaniita. "Mutoto, uliniuzisha bei gani?"

Tangu siku hiyo nimewatazama upya wasanii wawili wa mji huu.

Tshibumba Kanda-Matulu alizaliwa hapa 1947. Picha zake na za wenzake zilitundikwa katika sebule za watu wa kawaida. Moja mashuhuri, iitwayo Colonie belge, yaonyesha mfungwa akichapwa viboko mbele ya afisa wa kikoloni. Watu waliziita ukumbusho. Aliyenunua picha ile alikuwa ananunua kumbukumbu yake au ya baba yake, hivi kwamba aliyechorwa na mtazamaji walikuwa karibu mtu mmoja. Hapo sioni deni lolote. Lakini mwaka 1973 na 1974 Tshibumba alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia nzima ya nchi, takriban picha mia moja, huku wakizungumza Kiswahili chetu hiki cha Lubumbashi. Kitabu kilitoka 1996. Picha zenyewe zilikwenda Amsterdam. Bila Fabian huenda zingepotea, nakubali, na tungekuwa maskini zaidi. Hata hivyo, mjukuu wa yule aliyechapwa anahitaji viza ili azione.

Wa pili ni Sammy Baloji, aliyezaliwa 1978. Katika mfululizo wake wa mwaka 2006 uitwao Mémoire, alichukua picha za zamani za enzi ya ukoloni, nyeusi na nyeupe, akawatoa watu waliomo na kuwasimamisha juu ya picha zake za rangi za mitambo iliyokufa, ile ya kampuni kubwa ya madini iliyoujenga mji wetu. Wengi wao ni wafanyakazi. Hakuna aliyewaomba ruhusa siku ile walipopangwa mbele ya kamera. Je, Baloji aliwaomba? Mwanafunzi mwenzangu alidai darasani kwamba basi amerudia kosa la mpiga picha wa kwanza. Sikubaliani naye. Mpiga picha yule alipiga mali ya kampuni, watu wakiwa pamoja na mashine. Baloji amebakiza sura, akaziweka mbele ya magofu, nasi tunalazimika kuuliza hawa walikuwa nani na jasho lao lilikwenda wapi. Sura ni zile zile, ila safari hii hazimtumikii bwana yule yule. Tena Baloji ni mmoja wa walioanzisha Picha, shirika linaloandaa maonyesho ya kimataifa ya sanaa hapa hapa Lubumbashi tangu 2008. Mtu wa mji huu hahitaji ndege ili aone kazi za namna hiyo.

Nilitamani hoja hiyo initetee na mimi. Hainitetei. Wafu hawawezi kuulizwa. Mama wa makala alikuwa hatua ishirini kutoka nilipokaa. Nikisema kweli, sikumwuliza si kwa sababu niliogopa atakataa. Niliogopa atakubali, kisha ajinyooshe, afunge kitambaa vizuri, atabasamu. Mimi nilimtaka ameinama. Kilichonisukuma kuchora ni uchovu wake, na uchovu huo ndio niliouza.

Nilimpelekea nusu ya fedha. Alizihesabu, akazifunga kwenye pindo la nguo, akasema, "Sasa unichore muzuri." Jumapili akaja kutoka kanisani, amevaa liputa mpya na hereni, mikono imesuguliwa kwa sabuni. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, kidevu juu, saa moja nzima, akinikemea kila nilipofuta mstari.

Wenzangu walioziona picha zote mbili wanasema ya kwanza ndiyo yenye roho. Nami naona hivyo, na jambo hilo linanisumbua kuliko zile faranga. Ile ya pili ameitundika nyumbani kwake, juu ya redio, na wageni wakiingia huwaonyesha hiyo kwanza.