Mtihani ni wa Nani?

Katika vitongoji vya Kikoneni, huku kwetu Kwale, vilivyotawanyika baina ya mikorosho na minazi juu ya Msambweni kuelekea bara, mtoto akizaliwa na kiungo kilichopooza, au ikidhihirika baadaye kwamba hasikii au haoni, neno la kwanza litokalo vinywani mwa wazee, kwa upole na kwa nia njema isiyo na shaka, ni kwamba huo ni mtihani wa Mwenyezi Mungu. Neno hilo lina ukweli ndani yake, wala mimi si mtu wa kulikanusha, kwa kuwa dini imetufundisha kwamba uhai wote, wa tajiri na wa fakiri, wa mzima na wa mgonjwa, ni majaribio. Lakini ni nadra msemaji kutaja ni nani hasa anayetahiniwa, na katika kunyamaza huko ndimo dhuluma hupenya. Maana baba huamini kwamba mtihani ni wake, mama huamini kwamba ni wake, jirani huamini kwamba ni wa wote wawili, na mtoto mwenyewe, ambaye ni mja kamili mwenye roho, akili na hesabu yake mbele ya Mola wake, hugeuzwa kuwa swali katika karatasi ya watu wengine.

Wako wazidishao, wakataja laana ya ukoo, au mwiko uliovunjwa na mama katika ujauzito wake. Kwa hao jawabu lilikwisha kutolewa zamani: Waislamu twafundishwa kwamba hapana nafsi ibebayo mzigo wa nafsi nyingine, na jirani zetu Wakristo husoma katika sura ya 9 ya Injili ya Yohana jinsi wanafunzi walivyouliza kama kipofu yule alikosa yeye au walikosa wazazi wake, na jinsi Yesu alivyoyakana yote mawili. Ipo pia methali yetu mashuhuri, hujafa hujaumbika, ambayo imewanusuru watoto wengi na kejeli za njiani, nami naiheshimu kwa kazi hiyo. Hata hivyo, mwenye kuitaamali ataona kwamba humzuia mdhihaki kwa kumtisha, kwamba asicheke lisije likamfika na yeye. Adabu izaliwayo na hofu ya mtu juu ya viungo vyake mwenyewe yaweza kumfumba kinywa, lakini haimfanyi amkaribishe mwenziwe barazani.

Kisa cha Abdullah bin Umm Maktum hujulikana na kila mtoto aliyehifadhi juzuu ya Amma chuoni. Kipofu huyu alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akitaka kufunzwa, wakati Mtume alipokuwa ameshughulika na wakuu wa Kikureshi ambao alitaraji kusilimu kwao. Na kwa tukio hilo ikateremka Sura ya Abasa, ambayo wafasiri wengi wameieleza kuwa ni mafunzo kwa Mtume mwenyewe juu ya nani apaswaye kutangulizwa. Angalia, basi, ni upande gani uliotahiniwa. Kipofu hakuamrishwa azidi kusubiri, wala hakukumbushwa kushukuru. Kilichopimwa ni mapokezi aliyoyapata.

Walakini sehemu ya kisa hiki inayonishughulisha zaidi ni ile ambayo wawaidhi wetu huitaja kwa uchache. Huko Madina, nyakati za saumu, Bilal alikuwa akiadhini kungali usiku, na watu wakiendelea na daku lao mpaka waisikie adhana ya Ibn Umm Maktum, ndipo wakajizuia. Mtu asiyeona nuru alipewa kazi ya kuitangaza alfajiri, naye hakuadhini mpaka aambiwe na wenziwe kwamba kumekucha. Mji mzima ulijifunga kwa sauti yake, na yeye aliitegemea sauti ya jirani, wala hapakuwa na aliyeona aibu katika kutegemeana huko. Tena hakupewa kazi hiyo ili atulizwe moyo, kwa sababu saumu za watu si jambo la kuchezewa kwa ajili ya huruma.

Hapo ndipo nionapo chimbuko la kujiamini kwa kijana aliyekua na ulemavu. Wengi wetu hudhani kwamba moyo wake utainuliwa kwa sifa, kwa hiyo tukamsifu akisoma mstari mmoja, tukampigia makofi akipanda ngazi moja. Na mtoto, ambaye aghalabu ni mjuzi wa nyuso kutushinda, hutambua upesi kwamba makofi yale ni sadaka. Ajiaminiye ni yule ambaye mikononi mwake limewekwa jambo ambalo likiharibika, litawaharibikia wote.

Mchezo wa kuigiza, ukifanywa na vijana waliochanganyika, wenye ulemavu na wasio nao, ni katika mambo machache ambayo kwayo amana ya namna hiyo yaweza kukabidhiwa mtoto wa miaka 12. Asiyesikia akiwa ndiye mwenye kuingia na barua ambayo hikaya yote yaitegemea, wenziwe hawana budi kujifunza kumwita kwa mkono, kwa taa, au kwa ngoma ipigwayo kwa kishindo hata ardhi ikatetemeka chini ya nyayo zake. Na ngoma, alhamdulillahi, si kitu cha kuagizwa kutoka mbali katika nchi ya ngoma ya sengenya. Asiyeona huijua sakafu ya jukwaa kwa idadi ya hatua na kwa mkeka uliotandikwa pale apaswapo kusimama, na maneno yake huyahifadhi kwa kusikia, jinsi vyuo vyetu vilivyohifadhisha watu tangu zama za zama. Atembeaye kwa magongo huubadili mwendo wa onyesho zima, na mwongozaji mwenye busara hamharakishi, bali huyaacha magongo yasikike, na kimya kitanguliacho hatua zake kikawa ni taadhima astahiliyo kadhi aingiapo kuhukumu.

Mzazi wa Kikoneni atanijibu, "Ndugu yangu, mwanangu hutazamwa kutwa kucha njiani, nimtoe tena mbele za watu wamtazame kwa makusudi?" Hoja hii ni nzito kuliko ile ya wasemao kwamba maigizo ni lahwi na uongo, ambayo yajibika kwa neno moja, kwamba hapana adanganywaye pale ambapo mtazamaji na mwigizaji wote wawili wajua kwamba ni mchezo. Kwani katika karne ya 19 huko Ulaya na Marekani, watu wenye maumbile yasiyo ya kawaida waliwekwa katika maonyesho ya kulipia, na P. T. Barnum wa New York alitajirika kwa biashara hiyo. Na hapa kwetu yupo mtoto akalishwaye mlangoni pa msikiti siku ya Ijumaa ili kiungo chake kizitoe fedha mifukoni mwa waumini. Lakini hao huonyeshwa, wala hawaulizwi neno. Aliye jukwaani ameishika hikaya mwenyewe, na hadhira imenyamaza kungoja atakalosema. Tena si lazima aseme juu ya ulemavu wake, kwani aweza kuwa sultani, mvuvi wa Shimoni, au mama mkwe mkali, na watu wakamchukia au wakamcheka kwa tabia aliyoivaa, jambo ambalo huruma haikumruhusu kulipata kamwe.

Mambo haya si ndoto. Mwaka 1980 Nabil Shaban, mzaliwa wa Amman aliyetumia kiti cha magurudumu, alishirikiana na Richard Tomlinson kuunda Graeae, kundi la waigizaji wenye ulemavu huko Uingereza, ambalo limeifanya lugha ya ishara kuwa sehemu ya mchezo wenyewe, wala si tafsiri iliyowekwa pembeni. Na kiongozi wake wa baadaye, Jenny Sealey, ambaye hasikii, alikuwa mmoja wa waongozaji wawili wa sherehe ya kufungua michezo ya Paralimpiki ya London mwaka 2012. Nairobi limekuwako kundi la Pamoja, la wachezaji dansi wenye ulemavu na wasio nao. Nasi Kwale tunayo shule ya viziwi, na Katiba ya mwaka 2010 imelitaka taifa kuikuza Lugha ya Ishara ya Kenya.

Lakini onyesho huisha, na kijana hurudi katika nyumba ile ile, kwa watu wale wale. Asipongojewa na kazi nyingine, jukwaa litakuwa limemwonjesha tu kile asichoruhusiwa kuwa nacho, na huo ni ukatili. Aliyekwisha kuaminiwa na wenziwe aweza kupewa na kamati ya msikiti zamu yake ya adhana, na chama cha wakulima daftari la korosho, na wazee wa mji nafasi katika kikao cha kuamua kisima kichimbwe wapi, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye ni njia ipi isiyopitika kwa magurudumu. Kabla ya hayo yote, wazazi wake watahitaji nauli ya kumfikisha mazoezini, hasa wakati wa masika, na mfuko ulioweza kununua kipaza sauti cha msikiti waweza kuilipa.