Leo, Si Wiki ya Mitihani!

Ewe mwanafunzi wa Mlimani, amka! Bumu la mkopo limeingia, simu imelia, moyo umeruka. Na tayari kidole chako kinatafuta mkeka wa kubeti!

Simama hapo hapo! Fedha hiyo unajua ni ya nini. Ni shilingi 10,000 kwa siku, za kula na kulala, tangu kiwango kilipopandishwa mwaka 2022 kutoka 8,500. Ni wali maharage wako, ni kitanda chako cha hosteli Mabibo, ni nauli yako. Nawe unaitupa kwa timu za Ulaya ambazo wachezaji wake huwajui hata kwa sura!

Wiki ya kwanza kuku, wiki ya tatu mkopo kwa rafiki, wiki ya tano unamkwepa mama ntilie. Na usidhani yameishia hapo! Siku utakapoajiriwa, Bodi ya Mikopo itakata asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi, mwezi baada ya mwezi, na ndani ya makato hayo utakuwamo mkeka uliochanika ukiwa mwaka wa pili.

Geuka! Futa programu hiyo ya kubeti sasa, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu.

Kisha shika kitabu! Maktaba mpya ya Mlimani, ile iliyofunguliwa 2018, inachukua watu 2,100 kwa wakati mmoja. Mwanzo wa muhula unachagua kiti. Wiki ya mitihani unakitafuta. Unangoja nini? Unangoja desa la mwenzako, unangoja sapu, unangoja udisko? Piga msuli leo!

Na barua ya fildi je? Na lile tangazo la ufadhili? Umelisoma, umelipiga picha, umelilalia. Tarehe ya mwisho haimsubiri mtu.

Lakini hayo yote yanalipika. Nakugeukia wewe usiyelala, unayecheka kantini na kulia bafuni, unayesema "niko poa" huku giza limekufika shingoni. Shirika la Afya Duniani linasema kujiua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29. Hilo ni rika lako! Usiniambie mwanaume halii. Usiniambie utavumilia mpaka likizo. Mshauri wa wanafunzi yupo, kituo cha afya kipo, njia unaijua. Inuka uende, hata kama huna maneno. Sema tu kwamba umechoka!

Nawe unayelala naye chumba kimoja, usijifanye huoni. Ameacha kula, ameacha vipindi, ameacha kuitika salamu. Muulize, waziwazi, kwa upole. Mshike mkono, mfikishe mpaka kwa mshauri, na usiku huu usimwache peke yake.