Nta Iliyobaki ni Mali ya Nani?



Kila baada ya Misa hubaki vipande vya mishumaa kanisani. Vingine ni vifupi kama kidole gumba, vingine ni matone tu yaliyoganda mezani na sakafuni. Baada ya mkesha wa Pasaka, ambapo kila mwamini hushika mshumaa wake, vipande huwa vingi zaidi. Akina mama huvikusanya katika kopo, na kopo likijaa swali huzuka: nta hii ni mali ya nani? Wapo wanaosema iuzwe, fedha iingie katika mfuko wa kigango. Wapo wanaosema imekwisha kutumika kwa ibada, basi isiguswe kwa kazi za nyumbani. Na wapo wanaosema wapewe wasio na mwanga.

Mtu anaweza kuuliza, mishumaa ya nini siku hizi ambapo kuna taa za sola? Ni kweli taa hizo zimetusaidia sana. Lakini betri ikifa, kupata taa nyingine si jambo la wiki moja, na masika mawingu hufunika jua siku nyingi. Usiku mtoto akipandwa na homa, mama hahitaji maelezo juu ya sola. Anahitaji kuona uso wa mtoto.

Tutazame kwanza kazi yenyewe. Mishumaa mingi ya dukani hutengenezwa kwa nta ya parafini, ambayo hutokana na mafuta ya petroli. Nta ya nyuki, ambayo wafugaji wa Kigoma na Tabora wanaifahamu vizuri, huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za joto. Ya parafini kwa kawaida huyeyuka mapema kidogo. Vipande huondolewa vumbi na tambi zilizoungua, huwekwa katika kopo safi, na kopo huwekwa ndani ya sufuria yenye maji ya moto. Kopo lisiwekwe juu ya moto moja kwa moja. Maji yakichemka hayapiti nyuzi 100, lakini nta iliyoachwa juu ya moto mtupu huendelea kupanda joto mpaka mvuke wake uwake. Ikiwaka, tusimwagie maji, maana italipuka na kurusha moto. Tuifunike kwa kifuniko na kuiondoa motoni.

Nta iliyoyeyuka huchujwa kwa kitambaa. Utambi wa uzi wa pamba huchovywa katika nta, hunyooshwa, kisha husimamishwa katikati ya bua la jani la papai lililokaushwa au kopo dogo la nyanya. Nta humiminwa polepole. Ikipoa hunywea na kuacha shimo karibu na utambi, hivyo humiminwa mara ya pili. Utambi mwembamba mno huzama na kuzimika, na mnene mno hutoa moshi na masizi. Vipande vya rangi nyingi vikichanganywa, mshumaa hutoka na rangi ya udongo. Mwanga wake ni uleule.

Sasa turudi kwenye swali. Wanaoogopa kuitumia nta ya ibada nyumbani wana heshima njema, wala tusiwacheke. Mabaki ya mshumaa wa Pasaka tuyaweke pembeni, padre aamue. Lakini kwa vipande vingine tukumbuke Injili ya Yohana, sura ya 6. Mkate ambao Yesu aliushukuria ulikwenda katika matumbo ya watu wenye njaa waliokaa majanini. Kisha yeye mwenyewe aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande visipotee, wakajaza vikapu 12. Mkate haukupoteza heshima kwa kushibisha. Nta nayo haitapoteza heshima kwa kumwangazia mgonjwa.

Hapa ndipo penye ugumu. Je, kumpa mwenzako mabaki ni sadaka? Mfalme Daudi alikataa kumtolea Mungu kitu kisichomgharimu. Arauna alitaka kumpa uwanja na ng'ombe bure, lakini Daudi alilipa shekeli 50 za fedha. Nabii Malaki aliwakemea waliopeleka madhabahuni wanyama vilema na vipofu. Tukisoma hayo, tunaweza kudhani kwamba mabaki hayafai kutolewa kabisa.

Sisi wakimbizi tunalijua jambo hili kwa miili yetu. Tumewahi kupokea nguo zisizo na vifungo na viatu vya mguu mmoja. Tulishukuru kwa mdomo, lakini moyoni tulijua kwamba aliyetoa alikuwa akisafisha kabati lake. Tumewahi pia kupokea nguo kuukuu iliyofuliwa, ikapigwa pasi, na vifungo vikashonwa upya. Zote mbili zilikuwa mabaki. Ya kwanza ilituambia sisi ni jalala. Ya pili ilituambia sisi ni ndugu. Tofauti ilikuwa ni mkono wa mtu aliyekaa na sindano kwa ajili ya mtu asiyemjua.

Kwa hiyo tunasema hivi: nta iliyobaki inakuwa sadaka pale tunapoweka ndani yake kazi yetu. Tukimpa mjane kopo la vipande vichafu na kumwambia ajitengenezee, tumemtupia takataka. Tukimpa mshumaa mzima, uliochujwa na kunyooka, tumempa kitu chetu. Kazi hiyo ina gharama. Kuni ni shida, na akina mama hupata hatari wanapokwenda kuzitafuta. Basi tusiwashe moto kwa ajili ya nta peke yake. Tutumie makaa yanayobaki maharage yakiisha kuiva. Tena tutoe mshumaa pamoja na kopo lenye mchanga la kuusimamisha, na tuonye usiachwe ukiwaka watu wakilala. Nyumba zetu ni za nyasi na maturubai, na mwanga unaochoma nyumba si zawadi.

Na kuuza je? Si dhambi. Mfuko wa kigango nao hununulia wagonjwa sabuni. Lakini nta hiyo ilitokana na matoleo ya wote, na ikiuzwa itakwenda kwa mwenye fedha. Sheria ya Walawi 19 iliagiza pembe za shamba ziachwe bila kuvunwa kwa ajili ya maskini na mgeni. Mwenye shamba alijua tangu kabla ya kuvuna kwamba sehemu ile si yake. Nasi tukubaliane kabla kopo halijajaa: wa kwanza ni wauguzaji, akina mama waliojifungua na wazee wanaoishi peke yao. Ikizidi ndipo iuzwe, na uzi wa tambi ununuliwe.

Bwana atujalie kuwa watu ambao mikononi mwao hakipotei kitu, wala mtu.

Maswali ya kujadili katika jumuiya:
1. Katika jumuiya yetu, ni nani anayekaa gizani usiku, na tumejuaje?
2. Ni kitu gani tulichowahi kukitoa ili tu kiondoke nyumbani?
3. Kabla ya Pasaka ijayo, nani atashika kopo, na mishumaa itaanzia nyumba ipi?